Mashine Iliyoamkiwa Shikamoo

Kabla sijasema lolote, vijana, chekeni kwanza mmalize, maana najua mtacheka tu. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za boti, hapa hapa Arusha. Gereji yangu ilikuwa Elerai, ambako maji mengi kuliko yote ni dimbwi la barabarani wakati wa masika. Mama mkwe wangu alipoambiwa binti yake anaposwa na fundi wa boti anayeishi Arusha, aliuliza kama nimeajiriwa na Nuhu. Haya, mmecheka? Tuendelee.

Kazi ilikuwepo, tena nyingi. Nilianza kwenye mradi mmoja wa uvuvi wa serikali uliokuwa na karakana mjini, na mashine zililetwa kwetu kutoka kwenye mabwawa na maziwa ya huku kaskazini. Kisha zikaja zama za ruksa. Watu wakawa ruksa kununua, ruksa kuuza, na sisi tukawa ruksa kwenda nyumbani. Mradi ukafungwa, tukapunguzwa, na mali yote ikapigwa mnada siku moja: meza, viti, mashine, mpaka birika letu la chai. Mimi nikaondoka na spana zangu na cheti. Nikakodi kibanda, nikaweka pipa la maji mbele ya mlango, nikaandika kwa rangi nyekundu: Fundi Eliamani, Mashine za Boti. Watu walikuwa wanatoka Kwa Mrombo kuja kusoma kile kibao, wanacheka, wanarudi.

Lile pipa nalo liliwachekesha, lakini halikuwa pambo. Mashine ya boti hujipoza kwa maji inayoyanyonya yenyewe. Ukiiwasha nchi kavu unaiunguza. Kwa hiyo unaining'iniza kwenye ukingo wa pipa, miguu yake ndani ya maji, halafu ndiyo unavuta kamba. Lishikeni hilo, hata kama hamtaona boti maisha yenu yote.

Sasa, ugonjwa ulionilisha mimi na watoto wangu ulikuwa mmoja: mashine imekaa muda mrefu bila kutumika, halafu haitaki kuwaka. Mwenyewe anavuta kamba mpaka bega linamuuma, anaipiga teke, anaumia na kidole, ndipo anamkumbuka fundi. Mashine zetu za wakati ule zilikunywa petroli iliyochanganywa na oili. Zikikaa, petroli inaruka yenyewe hewani, oili inabaki, na ndani ya kabureta inageuka kitu kama gundi. Kuna vitundu mle vyembamba kuliko sindano. Vikizibwa, hata uvute na trekta. Dawa yake ni nyepesi sana: siku unayoiweka mashine kupumzika, chomoa bomba la mafuta ikiwa inaunguruma, iache inywe kilichomo mpaka izime yenyewe. Nimewaeleza watu jambo hili miaka mingi. Waliolifanya nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Magesa, mtu wa Musoma aliyezaliwa kandokando ya ziwa akaletwa kwetu mlimani kwa uhamisho, jambo ambalo hakuisamehe serikali mpaka anastaafu. Wiki yangu ya kwanza alinipa mashine iliyokuwa imelala miezi mingi, akaenda zake. Nikaifungua. Niliipangua mpaka nati ya mwisho, nikaisafisha siku mbili, nikairudisha, nikabakiwa na skrubu tatu mkononi. Nikazitia mfukoni. Magesa alirudi, hakuangalia mashine, akaangalia mfuko wangu.

"Toa," akasema.

Nikatoa. Akanifunga macho kwa kitambaa, akanisogezea puani vikopo viwili. Cha kwanza kilinichoma pua mpaka nikatoa machozi. Cha pili kilinuka kama rangi ya viatu iliyokaa miaka kabatini.

"Hicho cha pili ndicho kilichokuwa kwenye tenki," akasema. "Ungenusa tu kijana, ungekuwa umekula mchana siku zote mbili."

Tangu siku ile nikawa naanza na pua. Petroli ikinuka vibaya, imwage, weka mpya. Ikinuka vizuri, angalia kifuniko cha tenki kama kile kitundu cha kupitisha hewa kiko wazi. Kisha fuata bomba. Kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika, tafuta moto, yaani cheche ya umeme. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, rudi nyuma. Na plagi zenyewe! Zamani zilikuwa hazipatikani, tulizipiga msasa na kuzikausha juu ya mkaa mpaka zinasahau umri wao. Ruksa ilipokuja zikajaa madukani, kwenye vipakiti vinavyong'aa, na nyingine zilikufa kabla hujatupa kipakiti.

Lakini sikukaa kuandika haya kwa ajili ya plagi. Nataka kuwasimulia utani wangu mmoja, ambao nusura umvue mtu mwema heshima yake yote.

Mzee Anaeli alikuwa Mmeru, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu mlimani, na mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Mrefu, mpole, kofia ya pama haimtoki kichwani ila kanisani. Siku ya mnada wa mradi wetu alikuwepo. Wenzake walinunua viti. Yeye akanunua mashine ya boti. Alikuwa na wapwa zake wanaovua kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu, akaona washirikiane. Mkewe alipoiona inashushwa nyumbani aliuliza swali moja tu:

"Utaifunga kwenye mgomba gani?"

Bwawa lilipofungwa ili samaki wazaliane, Mzee Anaeli hakumwamini mtu. Aliileta mashine mlimani kwa pikapu, akaivisha blanketi, akaiweka zizini karibu na ng'ombe wake wawili, kwa sababu zizini hapakosi mtu wa kuangalia. Nikamshauri atafute pipa kama langu, na kila Jumamosi asubuhi aiwashe kidogo isije ikashika gundi.

Ikamshinda. Mwezi wa kwanza aliniletea mara nne. Kila mara kosa lilikuwa lile lile. Kwenye bomba la mafuta, kati ya tenki na mashine, kuna kipampu cha mpira kinachojaa kiganjani. Mashine ikikaa, mafuta yanarudi nyuma. Lazima ukiminye kile kipampu, tena na tena, mpaka kikaze, ujue mafuta yamepanda. Mzee Anaeli alikiminya mara mbili kwa ncha za vidole, kama mtu anayechagua parachichi.

"Kitapasuka," alikuwa akisema.

"Hakipasuki, mzee." Nikamweleza habari za bomba, za mafuta kurudi, za kabureta. Akaitikia kwa kichwa kila neno, akashukuru, akaenda. Jumamosi iliyofuata pikapu ile ikasimama mlangoni.

"Fundi, imekufa."

Mara ya tano shetani wangu wa utani akaamka. Nikaizunguka mashine, nikatikisa kichwa, nikaweka uso wa msiba.

"Mzee, tatizo nimeliona. Mashine hii imetumikia serikali miaka mingi. Ni mtu mzima. Wewe unaiendea asubuhi, hata salamu hakuna, unaivuta kamba. Wewe ukiamshwa hivyo utaamka?"

Akafikiri. "Mimi siwezi."

"Basi shika hapa. Kila ukiminya sema, shikamoo mzee. Minya, shikamoo mzee. Usiache mpaka mpira ukaze mkononi. Ukikaza, ujue imeitikia."

Akavua kofia. Akaminya. "Shikamoo mzee. Shikamoo mzee." Kiganja kizima, kwa heshima zote. Mpira ukakaza, macho yake yakatoka.

"Fundi, imeitikia!"

Akavuta kamba mara moja tu, mashine ikanguruma. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, eti natafuta spana.

Hakurudi tena kwa miezi. Nilimsimulia mke wangu Ndeshi, tukacheka mpaka chai ikapoa, ila yeye aliacha kucheka kabla yangu.

"Na siku akijua?" akaniuliza.

"Atajuaje?"

Niwe mkweli kwenu: nilijivuna. Nilikuwa nimemwambia yule mzee ukweli mara nne haukuingia, nikamwambia uongo mara moja mashine ikawaka. Fundi akishaonja utamu huo, kuacha ni kazi.

Siku moja Mzee Anaeli akaja gerejini kwa miguu, bila mashine, kofia mkononi. Akakaa kwenye kreti la soda. Nikamwamkia, akaitikia.

"Fundi, wananitoa."

Pole pole akanieleza. Jirani yake, Mama Ndeanka, mama wa kanisa asiyekosa ibada, alikuwa anakata majani ya ng'ombe upande wa pili wa uzio Jumamosi asubuhi. Akasikia sauti ya Mzee Anaeli zizini: shikamoo mzee, shikamoo mzee. Akashangaa. Pale nyumbani hakuna mtu mkubwa kuliko Mzee Anaeli mwenyewe. Anamwamkia nani? Halafu akakumbuka kwamba nyuma ya lile zizi, kwenye migomba, ndipo alipozikwa baba yake Mzee Anaeli. Alipokuwa bado anakumbuka hivyo, kitu kikanguruma kwa kishindo na moshi wa bluu ukatoka kwenye migomba. Mama Ndeanka aliacha majani, akaacha na mundu, na viatu akavikuta kesho yake.

"Wanasema natambikia," Mzee Anaeli akasema. "Baraza la wazee limeniita Jumamosi. Wakikubali hivyo, navuliwa uzee wa kanisa, natengwa, sishiriki meza ya Bwana. Na binti yangu anafunga ndoa mwezi ujao, fundi. Nitakaa benchi la nyuma namwona anaingizwa na mjomba wake."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu wa rika lile akilia, na mimi ndiye niliyemliza.

"Wewe njoo uwaeleze," akaendelea. "Wewe una cheti. Waambie ile salamu ni ya kitaalamu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Tulikuwa wawili tu, yangeishia pale kwenye kreti la soda. Nilimwogopa yule mzee mpole kuliko nilivyowahi kumwogopa Magesa. Nikasema, "Nitakuja, mzee," na mpaka leo najilaumu.

Jumamosi tukaining'iniza mashine kwenye pipa uani kwa kanisa. Wazee wanane kwenye viti, mchungaji katikati, naye alikuwa kijana mwenye miwani asiyetabasamu ovyo, na Mama Ndeanka pembeni akiwa shahidi, viatu vyake amevifunga kamba barabara. Mzee Anaeli alisimama akajieleza bila woga wowote. Mashine hii ni ya kizamani, akasema, haiwaki bila salamu, ni mambo ya kiufundi, na fundi mwenye cheti ndiye huyu hapa. Wote wakanigeukia.

Kabla sijafungua mdomo mchungaji akanyanyuka. "Tuijaribu bila salamu."

Akapandisha mikono ya shati, akashika kamba, akavuta. Kimya. Akavuta tena na tena, miwani ikamshuka mpaka puani. Bila shaka haikuwaka, kile kipampu hakuna aliyekigusa!

"Si mnaona!" Mama Ndeanka akapiga kelele. "Mpaka iamkiwe!"

Wazee wakarudisha viti nyuma. Mmoja akaanza kutafuta wimbo kwenye kitabu. Mimi nimesimama pale, naona jambo moja wazi kabisa: nikinyamaza, Mzee Anaeli ni mtambikaji, nikisema, Mzee Anaeli ni mjinga aliyefanywa mchezo. Yeye ananitazama kwa matumaini.

Nikasema. Nilisema yote, kuanzia mara nne za kweli mpaka uongo wa tano. Nikashika kipampu, nikakiminya kimya kimya mpaka kikakaza, nikavuta kamba mara moja, mashine ikawaka. Mchungaji alitazama mashine, akanitazama mimi, halafu yule kijana asiyetabasamu ovyo akacheka mpaka akashika pipa. Wazee wakacheka. Mama Ndeanka alicheka kuliko wote kwa sababu alikuwa ametoka kwenye hofu. Kesi ikafutwa pale pale, Mzee Anaeli akabaki na uzee wake wa kanisa, na binti akahakikishiwa baba wa kumwingiza kanisani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi taratibu. Aliponipita nikasema, "Shikamoo mzee." Akapita.

Sikuwa nimejua jambo linaweza kuuma namna ile. Kule kijijini watoto wakawa wakikutana naye wanamwamkia huku wanaminya hewa kwa mkono, shikamoo mzee, shikamoo mzee, halafu wanakimbia. Alimwingiza binti yake kanisani, nilikuwepo, alipendeza kwa suti. Nikamwamkia mlangoni. Akaniangalia kama unavyoangaliwa mti wa uzio. Nilikutana naye sokoni mjini, nikamwamkia mbele za watu, kimya. Ninyi mmekulia huku, mnajua mkubwa kukuacha na shikamoo yako mdomoni ni jambo gani. Afadhali angenipiga kwa fimbo, tungeyamaliza. Nilikuwa nampenda yule mzee, na nilimkosa.

Ndeshi ndiye aliyenisukuma. "Wewe Mchaga wa wapi? Chukua isale uende."

Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Kwetu Machame, na kwa Wameru vilevile, mtu akikujia nalo kuomba msamaha, humkatalii. Nikalichuma, nikabeba na mkoba wangu wa spana na plagi kwa mazoea, nikapanda mlimani Jumamosi asubuhi. Bahati yangu, nikawakuta wamemaliza sala ya jumuiya pale kwake, wanakunywa chai uani: mchungaji, wazee wawili watatu, na Mama Ndeanka aliyekwisha kupatana na jirani yake. Nikatamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeshafika.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Watu wakaweka vikombe chini. Nikapiga magoti, nikampa isale kwa mikono miwili. Akalipokea, akaligeuza, akalichomeka kwenye kofia.

"Hili nimelipokea, siwezi kulikataa," akasema. "Bado kuna langu. Mashine haiwaki. Itengeneze."

Vijana, nilifurahi kama mtoto. Kazi! Nikaiendea mashine kwenye pipa lake kando ya zizi, nikapandisha mikono ya shati. Na kwa kuwa kulikuwa na watazamaji, nikafanya kwa madaha. Nikanusa petroli, nikawaeleza wote jinsi ya kunusa. Mpya. Kitundu cha hewa, wazi. Nikaminya kipampu kwa sauti ya ualimu, moja, mbili, tatu, kikakaza. Nikavuta kamba.

Kimya.

Nikafungua plagi, imelowa, moto hakuna. Nikabadilisha plagi, nikaeleza habari za plagi feki. Nikavuta. Kimya. Nikafungua kabureta, haikuwa na kosa lolote, nikairudisha. Nikavuta mpaka shati likanigandia mgongoni. Nikaanza kusema maneno makubwa, eti koili, eti umeme umepotea. Mchungaji alikuwa anahesabu mivuto chini chini. Mzee Anaeli anakunywa chai.

"Labda uiamkie," Mama Ndeanka akasema.

Mungu anisamehe, mikono yangu ilikuwa imeisha nguvu na akili imeisha kabla ya mikono. Nilishika kipampu, nikaminya, nikasema, "Shikamoo mzee."

Kilichotokea pale uani siwezi kukiandika chote. Mzee mmoja wa kanisa alimwaga chai. Mchungaji alivua miwani akafuta macho. Katikati ya kelele zile Mzee Anaeli akasimama, akaja taratibu mpaka kwenye pipa, akatia mkono kwenye mfuko wa koti. Akatoa kitu kidogo chekundu chenye kamba yake. Ni kile kibanio kinachokaa chini ya kitufe cha kuzimia. Kikichomolewa hakuna moto unaofika kwenye plagi, uvute mpaka Krismasi. Ndicho kitu cha kwanza fundi anapaswa kukitupia jicho, nami sikukiangalia kwa sababu nilikuwa nahangaika kuangaliwa.

Akakirudisha mahali pake kwa vidole viwili. Akashika kamba, akavuta mara moja. Mashine ikanguruma, moshi wa bluu ukapita kwenye migomba, ng'ombe wakageuza vichwa. Akaiacha kidogo, kisha akaizima ili kila mtu amsikie, akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sogea unywe chai."